Sauti za Kiabelam: mwongozo kamili kwa mzungumzaji wa Kiswahili

Mswahili akifungua maandishi yoyote kuhusu Waabelam wa Papua Guinea Mpya hukutana na maneno anayodhani anayajua. Wapi. Kundi. Baba. Kumbe wapi ni kiazi kikuu kirefu cha sherehe, ambacho wanaume huko hukilima kwa miiko mingi na kinaweza kupita mita 2 kikichimbuliwa. Kundi ni maneno, usemi, lugha. Na baba ni kinyago cha kusuka kinachovaliwa kichwani. Ni sadfa tupu, maana lugha hizi mbili hazina undugu wowote. Hata hivyo kuna jambo moja ambalo si la kubahatisha hivyo: nusu ya matamshi ya Kiabelam, yaani konsonanti zake, tayari umezaliwa nazo kinywani. Mwingereza au Mfaransa hutoka jasho kuzipata, nawe unazitumia kila ukisema ndugu, mbuzi na chungwa.

Taabu iko kwenye irabu. Huko itabidi uache mazoea ya a, e, i, o, u, na hapo ndipo mwongozo huu utakapokaa zaidi.

Hatua ya 1: Jua unatafuta lugha ipi

Lugha hii ina majina kadhaa. Wanaanthropolojia huandika Abelam, wanaisimu wengi huandika Ambulas, na mahali pengine utakuta Abulas. Ukitafuta kwenye kumbukumbu za lugha, tumia msimbo wake wa kimataifa, abt, usije ukachanganyikiwa. Inazungumzwa na makumi ya maelfu ya watu katika mkoa wa Sepik Mashariki, kwenye vilima vinavyozunguka mji wa Maprik, kaskazini mwa mto Sepik. Nchi hiyo ina lugha zaidi ya 800, na nyingi zina wasemaji wachache mno, kwa hiyo Kiabelam ni miongoni mwa zile kubwa. Jengo la bunge lililoko Port Moresby, lililofunguliwa 1984, lina paa lililoinuka kwa mfano wa korambo, ile nyumba ya mizimu ya eneo la Maprik ambayo uso wake hupakwa rangi.

Familia yake inaitwa Ndu. Jina hilo lilithibitishwa na Donald Laycock, mwanaisimu wa Australia, katika kazi yake ya 1965, kwa kuwa ndu ndilo neno la “mwanamume, mtu” katika lugha hizo. Ni njia ileile aliyoipita mwanaisimu Mjerumani Wilhelm Bleek katika karne ya 19 alipochukua neno lenye maana ya “watu” akaziita lugha zetu Kibantu. Ndugu wa Kiabelam ni pamoja na Kiiatmul cha kandokando ya mto, Kimanambu na Kiboiken. Weka majina hayo akilini, tutawaita mashahidi baadaye.

Halafu chagua lahaja moja. Kuna ya Maprik, ya Wosera na ya Wingei, na tofauti zake zinasikika. Ukielekea magharibi ya Wosera, k hugeuka h, na lile neno kundi linakuwa hundi. Watu wa huko huhesabiwa na wanaisimu kuwa na lugha yao, Hanga Hundi. Anayejifunza kwa kuokota neno moja hapa na jingine pale ataishia na lugha isiyosemwa na mtu yeyote. Katika mwongozo huu naifuata zaidi ya Maprik kwa upande wa maandishi, kwa sababu ndiyo iliyochambuliwa sana. Mwanaisimu Patricia Wilson alichapisha sarufi ya Ambulas mwaka 1980.

Hatua ya 2: Anza na ulicho nacho, mb, nd, ng

Kiabelam kina vipasuo ghuna (sauti kama b, d, g, ambazo hewa huzibwa kisha kuachiwa huku koo likitetemeka) vinavyotanguliwa na nazali, yaani sauti ya puani: mb, nd, ng, pamoja na nj. Nazali na kipasuo ni sauti moja, hutoka pamoja. Hakuna b tupu inayoshindana na mb kama kwetu, ambapo baya na mbaya ni maneno mawili.

Hapa Mswahili ana mitego miwili, na yote inatokana na uhodari wake.

Mtego wa kwanza ni neno lenyewe ndu. Jaribu kulitamka sasa hivi. Kama wewe ni kama wengi wetu, umelitamka kama nchi, nta au nge: n imesimama peke yake na kubeba mkazo, silabi mbili. Ndivyo Kiswahili kinavyofanya neno linapokuwa fupi namna hiyo. Kiabelam hakifanyi hivyo. Ndu ni silabi moja. Dawa yake ni rahisi: sema ndugu kwa sauti ya kawaida, mara tatu nne, kisha kata gu. Kilichobaki mdomoni ndicho. Fanya hivyohivyo kwa mb: sema jambo, halafu korambo. Mbo ni ileile.

Mtego wa pili ni wa macho. Mfumo wa maandishi unaotumika kwenye vitabu vya Ambulas mara nyingi huandika b, d, g peke yake, kwa sababu msemaji mwenyewe anajua nazali imo. Kwa hiyo utaona du badala ya ndu, kudi badala ya kundi. Mswahili akiona d hutamka d yetu ya dada, na d ya dada hatuitamki kama mataifa mengine: koo hushuka kidogo na hewa huvutwa ndani. Weka kiganja mbele ya mdomo useme bado, kisha useme mbao, usikilize tofauti. Ile b ya bado haina kazi katika Kiabelam. Ukiona b, d, g kwenye maandishi ya Ambulas, ishike kichwani kama mb, nd, ng, hasa katikati ya neno.

Na ng ni ya ngoma, si ya ng'ombe. Ndiyo maana baadhi ya wanaanthropolojia huandika ngg, ili msomaji asije akaiacha g njiani.

Hatua ya 3: Midomo ya mviringo

Kw na gw (yaani ngw) ni konsonanti kamili katika lugha hii, kila moja ikihesabiwa moja. Wewe unazo: kwanza, kweli, chungwa, kungwi.

Chukua neno zito la Waabelam, ngwalndu. Ni jina la mizimu ya mababu inayochongwa kwa mbao kubwa na kuwekwa ndani ya korambo. Ngwal ni babu, ndu ni mtu. Lisome hivi. Sema chungwa, ukate chu. Umepata ngwa. Ongeza l, lakini usiiwekee irabu. Ncha ya ulimi ibaki imegusa ufizi. Kutoka hapohapo, bila kuachia, ingia kwenye ndu ya ndugu. Ngwal-ndu. Silabi mbili. Ukisikia ngwalindu au ngwalundu, umeingiza irabu ya Kiswahili na inabidi urudie. Mimi nilirudia hili neno mbele ya kioo jioni nzima kabla ulimi haujakubali kubaki umegusa ufizi, na naamini wengi watapitia hapohapo, kwa sababu Kiswahili kinapenda silabi ifungwe kwa irabu na Kiabelam hakijali. Jina Ambulas lenyewe linaishia kwa s. Usiliongezee i.

Konsonanti zilizobaki hazisumbui: p, t, k, s, m, n, l, r, w, y. V hutamkwa kwa midomo miwili kukaribiana, si kwa meno kugusa mdomo wa chini.

Hatua ya 4: Ny na m, na kumtazama unayesema naye

Ny ya nyota ipo, na kazi yake ni kubwa. Kiswahili kina wewe mmoja kwa watu wote. Kiabelam kina wawili: méné kwa mwanamume, nyéné kwa mwanamke. Vivyo hivyo dé ni yeye wa kiume, lé ni yeye wa kike. Mimi ni wuné, sisi ni nané, ninyi ni guné, wao ni de.

Zoezi hili lifanye na mtu. Kaa na dada yako na kaka yako, au mke na jirani, yeyote aliye karibu. Mtazame mmoja, sema méné. Mgeukie mwingine, sema nyéné. Ongeza mwendo. Kosa utakalofanya si la sauti, maana m na ny unazo. Ni la akili, kwa kuwa lugha yetu haijatufundisha kuuliza mume au mke kabla ya kufungua kinywa kusema wewe. Ulimi na jicho lazima vizoeane.

Maneno haya machache yashike vizuri. Tutayafanyia kazi kubwa sasa.

Hatua ya 5: Futa irabu tano

Ile é yenye alama juu si e ya Kiswahili. Ni irabu ya katikati: ulimi hauko mbele kama kwenye i na e, wala nyuma kama kwenye u na o.

Laycock aliuchambua mfumo huu kuwa na irabu 3 tu, zilizopangwa wima kama ngazi: ya juu katikati, ya kati katikati, na a ya chini. Alfabeti ya kifonetiki ya kimataifa huziandika ɨ, ə, a. Hakuna upinzani wa mbele na nyuma. Mifumo ya namna hii ni michache duniani; hutajwa kwa lugha za Kaukazi kama Kikabardia na kwa lugha ya Visiwa vya Marshall. Ndiyo maana Kiabelam, lugha ya vijiji vya vilimani, kinatajwa sana na watu wa fonolojia, taaluma ya mifumo ya sauti za lugha.

Kupata ɨ, chukua penseli. Ibane kwa meno ikiwa imelala, ncha zikitokea pande zote mbili za mdomo. Sasa jaribu kusema u. Midomo inataka kujiviringisha, penseli inaikataza, na sauti inayotoka ni ya ajabu, nzito, si u wala si i. Ishikilie. Isogeze ulimi mbele kidogo tu. Hapo uko kwenye ɨ. Toa penseli, urudie bila msaada.

Kuhakiki, nong'ona. Nong'ona i, utasikia mvumo mwembamba wa juu. Nong'ona u, mvumo mnene wa chini. Ukinong'ona ɨ yako iwe katikati ya hizo mbili. Njia hii naiamini kuliko zote, kwa sababu mnong'ono hauna sauti ya kooni ya kukudanganya.

Irabu ə ni rahisi zaidi: ulimi umepumzika, mdomo umefunguka kidogo, wala huvuti popote. Iwe fupi. Na a ni a. Katika maandishi ya Ambulas utaona aa. Hiyo ni a iliyo wazi na ndefu zaidi kuliko a moja. Ndiyo maana kiazi kile kinaandikwa wapi na wengine waapi.

Hatua ya 6: Waachie majirani wa irabu wafanye kazi

Sasa utauliza: kama hakuna i wala u, mbona wuné ina u? Mbona ndu ina u?

Jibu ndilo kiini cha lugha hii. Irabu ya katikati haina rangi yake. Huazima rangi kwa konsonanti iliyo jirani. Ikikaa karibu na y au ny, huvutwa mbele na kusikika kama i. Ikikaa karibu na w au konsonanti ya midomo mviringo, hujiviringisha na kusikika kama u. Katika wuné, ile u ni kazi ya w. Katika nyéné, irabu ya kwanza huelekea i kwa sababu ya ny, ilhali katika méné haielekei huko. U ya mwishoni mwa ndu huchambuliwa kuwa ni ɨ ikifuatiwa na w.

Shahidi mzuri ni guné, “ninyi”. Mtazame ndugu yake, Kimanambu: ninyi ni gwur. Kimanambu kimehifadhi gw waziwazi. U ya guné basi haikutokea hewani.

Kama unaona jambo hili ni la kigeni mno, sikiliza tunavyopokea maneno ya wageni. Kiarabu kilitupa kitab, adab, hisab, ilm, hukm, nasi tukayafunga kwa u: kitabu, adabu, hesabu, elimu, hukumu. Kikatupa wazir, din, barid, khabar, tukayafunga kwa i: waziri, dini, baridi, habari. Nani alituamuru? B na m hutamkwa kwa midomo, na midomo ikaita u. R, n na d ziko kwenye ufizi, karibu na mbele ya kinywa, zikaita i. Hatujaacha mpaka leo. Timu, filamu, klabu, programu. Hoteli, baiskeli, petroli. Fundi wa simu mtaani hajasoma fonolojia lakini atakwambia Instagramu, hatasema Instagrami. Kanuni ina watoro wake, lakini nguvu yake kila Mswahili anaijua mdomoni. Tofauti ni kwamba kwetu nguvu hiyo inafanya kazi mwishoni mwa maneno ya kuazima tu, na kwa Waabelam imeenea katika lugha nzima.

Zoezi: andika silabi hizi kwenye karatasi, yɨ, nɨ, wɨ, kɨ, kwɨ, nyɨ. Zitamke zote ukikusudia irabu moja, ɨ, bila kujaribu kusema i wala u. Uache ulimi upite upesi. Ukizirekodi na kuzisikiliza utaona wɨ na kwɨ zimegeuka zenyewe, yɨ na nyɨ zimegeuka zenyewe, na nɨ na kɨ zimebaki katikati. Usizisahihishe. Hivyo ndivyo zinavyotakiwa.

Hatua ya 7: E na o zinatoka wapi

Wao, kwa Kiabelam, ni de. Kwa Kimanambu ni day. Hapo siri imefunuka: ay imejibana ikawa e. Upande wa pili, aw hujibana ikawa o.

Nasi tuna haya haya kwa wingi. Wa-ingi ni wengi, wa-ingine ni wengine, ma-ino ni meno. Kiarabu kilikuja na khayr, tukapata heri. Kikaja na khawf, tukapata hofu. Anayejua kwamba meno ni ma na ino tayari ana sikio la kuchambua de.

Basi angalia dé na de. Ya kwanza ni “yeye” wa kiume, irabu ya katikati, fupi. Ya pili ni “wao”, e kamili, iliyozaliwa na ay. Ukizitamka sawa, umemgeuza mtu mmoja kuwa umati. Zoezi lake: sema day polepole, ukiharakisha hatua kwa hatua mpaka iwe de; halafu sema dé ukiwa na ulimi uliopumzika. Rudia zikifuatana, de, dé, de, dé, na mwenzako akwambie amesikia ipi.

Hatua ya 8: Kusoma maandishi ya watu mbalimbali

Mwanaanthropolojia Phyllis Kaberry alikaa Maprik kuanzia 1939, mwenzake Anthony Forge akaja mwishoni mwa miaka ya 1950, na kila mmoja aliandika kwa sikio lake. Baadaye wakaja wanaisimu na mfumo wa herufi wa kusomeshea. Usishangae kuona neno moja kwa sura tatu. Mimi hufanya hivi: kwanza narudisha nazali (d kuwa nd, g kuwa ng). Kisha kila i na u naitilia shaka, nikiangalia kama y au w iko karibu. Mwisho natazama e na o na kujiuliza kama ni ay na aw. Neno likipita mitihani hiyo mitatu, sura zake tatu huwa zimekuwa moja.

Usibishane na mtu kuhusu idadi kamili ya irabu. Wapo wanaozihesabu zaidi ya 3, wakichukulia i na u zinazosikika kuwa fonimu (sauti zinazotofautisha maana) zenye haki zao, na katika lugha za Ndu wapo waliojaribu hata kushuka hadi 2, wakisema ɨ huingia yenyewe pale konsonanti zinaposongamana. Herufi za kusomeshea zimechagua nyingi, kwa sababu mtoto darasani anaandika anachosikia. Kwa maoni yangu, hesabu ya 3 ndiyo inayomsaidia mwanafunzi, kwa kuwa inamweleza kwa nini sauti inabadilika.

Hatua ya 9: Pima kazi yako

Pakua Praat, programu ya bure ya kuchambua sauti iliyotengenezwa na Paul Boersma na David Weenink wa Chuo Kikuu cha Amsterdam. Rekodi kwa simu mahali pasipo na feni wala kuku, hamisha faili, ufungue. Kwa kulinganisha na wasemaji wenyewe, tafuta kwenye hazina ya sauti ya PARADISEC huko Australia, ambako kanda za utafiti za Laycock zimehifadhiwa.

Kwenye picha ya sauti, washa fomanti, yaani mistari ya nukta nyekundu inayoonyesha mvumo wa kinywa kwa kila irabu. Mstari wa kwanza toka chini huonyesha ulimi uko juu au chini: ukipanda, mdomo umefunguka. Wa pili huonyesha mbele au nyuma. Kwa mwanamume mzima, i ya Kiswahili huuweka mstari wa pili takriban hezi 2,200 au zaidi, na u huushusha hadi karibu 900. ɨ yako iangukie katikati, jirani na 1,500. Wanawake na watoto waongeze kidogo.

Rekodi nɨ, yɨ, wɨ kila moja mara kumi, uandike namba za mstari wa pili. Zikipanda kwa yɨ, zikishuka kwa wɨ na kutulia katikati kwa nɨ, huku mstari wa kwanza ukibaki pale pale kwa zote tatu, nenda ukarekodi wuné, méné, nyéné, dé, lé, nané, guné, de. Nɨ ikiwa bado inakimbilia 2,000, chukua penseli uanze tena hatua ya 5.